Ya Kale ni Dhahabu kwa Nani?

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Kauli hiyo humsukuma mnunuzi atafutaye kabati kuukuu la vyombo la kupambia sebule yake. Akifika Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, atang'amua kuwa katika nyumba kongwe za mawe kabati lilikuwa ukuta wenyewe: vyombo vya kaure vilipangwa katika zidaka za chokaa, nazo hazihamishiki. Kinachohamishika ni kasha lenye misumari ya shaba, au kiti cha enzi.

Hapo ndipo penye mtihani. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa cha kale kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa nchini Kenya kabla ya 1895, nacho hakitolewi nchini bila kibali. Hata hivyo, kibali hakibebi kumbukumbu za ukoo. Yafaa mnunuzi aulize zaidi ya bei: kasha lilikuwa la nani, lilihifadhi nini, na je, mwenyewe anauza kwa hiari au kwa dhiki? Asiyeuliza hununua mbao, akawaachia wenyewe pengo.