Safu ya Nne

Nilianza ufundi Nyakatuntu ikiwa bado Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya mwaka 2012. Kazi ilikuwa redio. Watu walianika mawe ya redio yaliyochoka pembeni mwa jamvi la kahawa ili wasikilize taarifa ya habari siku mbili zaidi. Mzee aliyenifundisha alikuwa na daftari la safu tatu: tarehe, kifaa kilichobadilishwa, bei. Redio hizo zilikula umeme kidogo mno, wala sikumbuki transista iliyowahi kuniunguza kidole.

Joto lilikuja na sola. Vinyozi, wachaji simu na wenye mabanda ya video walinunua inverta, kisanduku kinachotoa volti 230 kutoka betri ya volti 12. Ndani yake transista ziitwazo mosfeti hukata na kuunga umeme mara maelfu kwa sekunde.

Msimu mmoja wa kahawa nililetewa inverta ya banda la video, mosfeti mbili zimepasuka. Nikaweka mpya, nikaandika daftarini, nikalipwa. Jioni ya pili ikarudi, nikabadilisha tena. Ilipoungua mara ya tatu mpira ukiwa kipindi cha kwanza, mwenye banda aliwarudishia watu viingilio, akaja kuiweka mezani kwangu bila kusema neno. Usiku huo sikulala vizuri.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "joto halijileti. Limetumwa."

Akanifungisha balbu ya taa ya gari kati ya betri na inverta, ili hata kukiwa na shoti umeme usipite wote kwa mkupuo. Balbu ikawaka hafifu. Baada ya dakika chache tukachomoa, akanishika mkono, akauweka kwenye mosfeti moja baada ya nyingine. Upande wa kushoto, baridi. Upande wa kulia, kidole hakikukaa.

Mosfeti ina mguu uitwao geti, na ni geti kweli. Likiwa wazi kabisa, umeme hupita kwa raha; likifungwa kabisa, haupiti. Joto kali huzaliwa geti likiwa nusu. IRFZ44N, tuliyoitumia sana, hutaka kama volti 10 getini ifunguke sawasawa. Hapo upinzani wake ni miliohmu 17.5, na ikipitisha ampea 20 hutoa joto la kama wati 7, ambalo bati la kupozea hulimudu. Upande wa kulia, kitransista kidogo cha kulifunga geti kilikuwa kimekufa. Geti lilichelewa kufunga wakati la upande wa pili limeshafunguka, pande zote zikavuta betri kwa pamoja. Nilikuwa nazika maiti, muuaji nikimwacha ndani.

Tangu hapo nikajifunza kuwatafuta wauaji wengine. Waya mwembamba wa betri hushusha volti, inverta ikavuta mkondo mkubwa zaidi. Na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Krimu ya kupozea hukauka. Vumbi letu jekundu hukaba feni.

Leo nguzo za umeme za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zimefika, inverta zimepungua. Lakini nyingi ya chaja, runinga na taa za LED ninazoletewa zina geti lilelile ndani yake. Mzee ametangulia mbele ya haki, daftari ninalo mimi. Kijana ninayemfundisha anaupigia mistari kila ukurasa mpya: tarehe, kifaa, bei, sababu. Safu ya nne ikiwa tupu, kifaa hakitoki mezani.