Wanovisi Kumi na Wanane Ndani ya Kompyuta

Kuna wanovisi kumi na wanane ambao wataalamu wa kuchambua mitandao ya kijamii kwa takwimu wanawafahamu dunia nzima, ingawa majina yao halisi yalifichwa. Waliishi katika monasteri moja nchini Marekani. Mwanasosholojia Samuel Sampson alikaa miongoni mwao, akawaomba wataje wenzao watatu wanaowapenda zaidi, wanaowaheshimu, wenye ushawishi kwao, wanaostahili sifa. Kisha kinyume cha hayo yote. Tasnifu yake aliiwasilisha Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1968, miaka mitatu tu baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungwa. Leo ukiweka programu iitwayo ergm kwenye kompyuta, Gregory, Basil, Bonaventure na wenzao wanakuja nayo kama data za mazoezi. Programu hiyo haiuzwi, ndiyo maana imetufikia hata sisi, mafrateri watano wa falsafa wenye kompyuta mpakato moja kuukuu.

Tukisema mtandao wa kijamii hapa hatuna maana ya WhatsApp. Tuna maana ya nani anamwendea nani akiwa na shida, nani anakaa na nani mezani. Takwimu tulizosoma sekondari zinachukulia kwamba kila anayehojiwa anajitegemea: jibu la Petro haliathiri jibu la Paulo. Katika urafiki dhana hiyo inavunjika papo hapo. Mimi nikikupenda, huenda nawe ukanipenda. Tukiwa na rafiki mmoja, huenda tukawa marafiki. Aristotle aliuweka uhusiano katika orodha ya kategoria zake, lakini kama kitu kinachoegemea vitu vingine. Waandishi wa programu hizi wanaanza na uhusiano wenyewe ndipo wanauliza kuhusu watu, na darasani jambo hilo limetupa ubishi wa wiki mbili.

Kazi yao ni ngumu kuliko inavyoonekana. Wanovisi 18 wanaweza kuwa na mishale 306 kati yao, kila mmoja akimwelekea mwenzake au asimwelekee. Mitandao inayowezekana ni 2 zidisha kwa yenyewe mara 306, namba yenye tarakimu 93. Hakuna kompyuta ya kuihesabu yote. Kwa hiyo programu inaanza na mtandao mmoja, inachagua mshale kwa bahati nasibu, inauongeza au kuuondoa, inarudia hivyo maelfu ya mara, halafu inalinganisha mitandao iliyoibuni na ule wa kweli.

Hapa palikuwa na shimo. Mwanzoni watafiti walisema, kwa akili ya kawaida kabisa, kwamba kila rafiki wa pamoja anaongeza uwezekano wa urafiki kwa kiasi kilekile. Programu ikabuni jumuiya za ajabu: ama kila mtu ni rafiki wa kila mtu, ama hakuna anayemjua mwenzake. Kila urafiki ulizaa mwingine bila breki. Mwaka 2006 Tom Snijders na wenzake walichapisha njia ya kutoka: rafiki wa pamoja wa kwanza apewe uzito mkubwa, wa pili pungufu, wa tatu pungufu zaidi. Mwaka 2008 David Hunter, Mark Handcock na wenzao wakaieleza ergm katika jarida la programu za takwimu, nayo njia hiyo imo ndani. Sisi tunaona hilo ni wazo la kifalsafa lililogunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kosa katika hesabu. (Waslovenia nao wana programu yao, Pajek, maana yake buibui. Jina zuri kuliko ergm.)

Turudi monasterini. Sampson alieleza kundi la waliotetea mambo yalivyokuwa, kundi la waliokuja baadaye wakayahoji, na kundi la waliotengwa. Mwaka 1976 Harrison White na wenzake wawili walichukua majedwali matupu ya majibu, wakapata makundi yanayokaribiana sana na hayo. Kisha kuna jambo ambalo mishale haisemi: mgogoro ulizuka, wanne wakafukuzwa, wengine wakaondoka wenyewe, na mwishoni wakabaki wanne tu.

Tulipofika hapo, frateri mmoja akapendekeza tuulize maswali hayohayo katika nyumba yetu. Hoja yake ilikuwa na uzito: yule asiyetajwa na yeyote angeonekana mapema, na walezi wangemfikia kabla hajafunga begi usiku.

Watatu wetu tulikataa. Katika nyumba ya watu wachache kufuta majina hakufichi kitu. Kila mmoja atajitambua kwa umbo la mishale yake. Asiyetajwa kati ya watatu wa kwanza anaandikwa sifuri, hata kama ni wa nne kwa kila mtu. Aristotle alitofautisha urafiki wa manufaa, wa raha na wa wema. Jedwali linaandika moja kwa yote. Na swali la nani humpendi, majibu yakifika kwa wanaopiga kura ya nani aendelee na malezi, si utafiti tena.

Aliyependekeza hakuridhika. Alisema walezi tayari wana mchoro wa namna hiyo vichwani mwao, ila huo hatuwezi kuukagua. Hatukuwa na jibu zuri. Kwa sasa tunaendelea na wanovisi wa Sampson, na Jumamosi baada ya usafi tutaingiza mishale ya kutopendana.