Kuzunguka na Kuwaka

Kiswahili kina upambanuzi mmoja mzuri katika mambo ya motokaa, ambao wasemaji wake huutumia kila siku pasipo kuutazama. Injini haisemwi kuwa imeanza. Husemwa kuwa imewaka, kama taa iwakavyo au kuni za jikoni, na ikikoma husemwa kuwa imezimika. Neno hili halikutoka katika vitabu vya mafundi. Lilitoka mafigani, likaingia chini ya boneti, na huko likaonekana kuwa la kweli kuliko waliolipeleka walivyodhani, maana ndani ya injini mna moto hasa. Kwa hiyo mtu wa Mbinga asemapo, "Gari linapiga starta lakini haliwaki," amekwisha tenga mambo mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya. Kuzunguka ni jambo moja, na kuwaka ni jambo jingine. Nusu ya uchunguzi imefanywa na sarufi kabla fundi hajaitwa.

Walakini wenye gari wengi, wakipatwa na shida hii, huisahau hekima ya maneno yao wenyewe. Huona kwamba chombo kizima kimekufa. Huuzungusha ufunguo mara ya kumi na mara ya ishirini, kama mtu abishaye hodi katika nyumba isiyo na mtu, mpaka betri nayo inachoka, na hapo gari lililokuwa na ugonjwa mmoja huwa na magonjwa mawili. Mzunguko ule wanaoukasirikia ni ushahidi, tena ushahidi wa heri. Unaeleza kwamba betri ina nguvu, kwamba nyaya zake nene zimeshika, kwamba starta ni nzima, na kwamba injini haijakwama. Hayo yote huachwa huru mara moja, wala hayana haja ya kusumbuliwa tena.

Starta yenyewe ni mota ya umeme inayojitegemea, isiyokula petroli hata tone. Magari ya kwanza hayakuwa nayo. Yalizungushwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ghafula iliweza kuvunja mkono. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeifanya starta ya umeme ifae kwa gari la kuuzwa, nayo ikatiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kazi ya mkono na kazi ya starta ni moja: kuizungusha injini hata ishike moto wake. Isiposhika, si kosa la aliyezungusha.

Moto huo unataka nini? Katika injini ya petroli, ya namna ile ambayo Nikolaus Otto aliikamilisha mwaka 1876, unataka vitu vinne: mafuta, hewa, mkandamizo na cheche; na vyote vinne vifike kwa wakati wake. Kipimo cha hewa na petroli ni kiasi cha ratili kumi na tano za hewa kwa ratili moja ya petroli. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliionyesha kuwa inaweza kazi huko Augsburg mwaka 1897, haina cheche. Huikandamiza hewa hata iwe moto mkali, kisha mafuta hurushwa ndani yakajiwakia yenyewe. Watu wa Umatengo wanaijua tofauti hii kwa ngozi zao. Nyanda zao zinapanda mpaka kiasi cha meta 2,000, na asubuhi za Juni na Julai kuna baridi ya kuumiza vidole. Lori la kahawa lililolala nje huzunguka na kuzunguka, na moshi mweupe hutoka, lakini haliwaki, kwa sababu vijiti vya kupasha moto silinda vimechoka, au kwa sababu bomba la mafuta limeingiza upepo wakati wa usiku. Ziwa Nyasa, lililo chini huko meta zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, lina joto lake na visa vyake.

Baina ya Mbinga na Mbamba Bay ni kilomita 66, ambazo leo zina lami. Kwa njia hiyo samaki hupanda na kahawa hutazama tu, maana yenyewe huelekea Songea. Katika Mbamba Bay, asubuhi moja ya mwezi wa Julai, palikuwa na gari dogo la petroli la kubebea samaki, mali ya mama mmoja mchuuzi. Makasha yalikuwa yamekwisha pangwa, mbasa ndani yake, barafu juu yao. Soko la Mbinga halimngoji mtu. Kijana dereva akapiga starta. Injini ikazunguka vizuri, haikuwaka. Akapiga tena. Chini ya gari maji ya barafu yalianza kudondoka mchangani.

Fundi wa kwanza kuitwa alikuwa kijana wa hapo hapo, mwepesi wa mkono na mwepesi wa kauli. Alisikiliza kwa nusu dakika, akasema, "Pampu ya mafuta, mama. Imekufa." Pampu mpya ingeagizwa Songea, ije kwa basi, labda kesho. Bei yake aliitaja, na ilikuwa sawasawa na fedha ambayo mama yule alikuwa nayo kwa kununulia samaki wa juma lijalo. Tena samaki wa siku hiyo wangeuzwa pale pale ufukoni, mahali ambapo kila mtu ana samaki. Basi ubishi wa pampu haukuwa ubishi wa chuma. Ulikuwa ubishi wa mtaji wa mtu mmoja, kuwapo au kutokuwapo.

Dereva ndiye aliyekwenda kumwita mzee mmoja ambaye kazi yake ni mashine za mitumbwi, naye zamani alikuwa fundi wa malori huko milimani.

"Shikamoo, baba," alisema mama.

"Marahaba, mama. Jana gari lilifika lenyewe?"

"Lilifika lenyewe, mzee," dereva alijibu. "Nikalizima mimi kwa mkono wangu."

"Njiani halikukohoa?"

"Kushuka, hapana. Asubuhi wakati wa kupanda na samaki, lilikohoa mara mbili."

Mzee hakusema neno juu ya jawabu hilo. Alimwambia kijana apige starta kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, akainamisha kichwa. Alikuwa anasikiliza mapigo. Injini yenye mkandamizo huzunguka kwa mapigo yaliyo sawa, kama mtu atwangaye. Iliyokatika mkanda wa kuendeshea valvu huzunguka kwa wepesi na kwa kasi, bila kupinga, kama mtu atwangaye kinu kitupu. Hii ilitwanga. Mkandamizo ukaachwa huru. Kisha alifungua plagi moja, akainusa. Ilikuwa kavu. Plagi iliyolowa petroli ingalikuwa na habari nyingine: mafuta yanafika, ulizeni cheche. Hata hivyo aliigusisha na chuma cha injini, akaamuru starta ipigwe, na cheche ikaruka, ya buluu, yenye sauti. Hewa haikuhitaji muda mrefu. Chujio lilitazamwa likaonekana kuwa safi. Yalibaki mafuta.

Fundi kijana alikuwa amesimama karibu, akatabasamu. Na kwa haki, alikuwa na sababu ya kutabasamu, maana mpaka hapo njia ya mzee ilikuwa imefika mlangoni pake. Dhana inayokosea sana haina hasara kubwa, kwa sababu hufichuka upesi. Dhana inayokaribia ukweli ndiyo inayokula fedha ya watu.

Mzee aliweka sikio penye mdomo wa tangi. Starta ilipopigwa, pampu, ambayo katika gari lile imo ndani ya tangi, haikuvuma. Fundi mwenye haraka angalisema: imekufa. Yeye aliuliza swali moja zaidi: imekufa, au ina njaa? Pampu isiyopata umeme hunyamaza sawasawa na pampu iliyokufa, na kwa sikio hazitofautiani hata kidogo. Alitazama fyuzi, ikawa nzima. Akaondoa makasha mawili, akafunua zulia la nyuma, na hapo harufu ya samaki wa miezi mingi ilitoka kuwalaki wote. Chini ya zulia kulikuwa na kifuniko cha tangi, na juu ya kifuniko pana kiungo cha waya, na kiungo kilikuwa kimeota kutu ya kijani.

Chombo chake kilikuwa balbu ndogo ya taa ya pembeni iliyofungwa nyaya mbili. Aligusa upande wa waya unaotoka mbele, starta ikapigwa, balbu ikawaka. Aligusa upande wa pili wa kiungo, unaokwenda kwenye pampu, balbu haikuwaka. Umeme ulikuwa unasafiri gari zima na kufia katika nafasi isiyozidi upana wa ukucha. Miezi yote ile maji ya barafu yaliyochanganyika na damu ya samaki yalikuwa yakitiririka nyuma kila gari lipandapo mlima, yakikaa pale. Kikohozi cha mlimani, ambacho kila mtu angalikitolea ushahidi dhidi ya pampu dhaifu, kilikuwa ni maji hayo yakijaribu mlango.

Aliifungua betri kwanza, kwa kuwa hapo ni juu ya petroli. Akakisugua kiungo kwa msasa, akakikausha, akakibana meno yake, akakirudisha. Betri ilipofungwa tena na starta kupigwa, pampu ilivuma na injini ikawaka kabla kijana hajamaliza kuzungusha ufunguo. Laiti pampu mpya ingaliletwa kutoka Songea, ingalitiwa katika kiungo kile kile cha kutu, na ingalinyamaza kama ile ya kwanza.

Siku hizi mafundi wa mijini wana vifaa vya kusoma kasoro katika kompyuta ya gari, na ni vifaa vizuri. Lakini kifaa hutaja njia yenye ugonjwa, hakitaji aghalabu kitu kilicho kigonjwa katika njia hiyo. Naye asiyependa kuuliza swali la mwisho husoma jina la sensa katika kioo, akanunua sensa. Dhana ni ile ile, ila imevaa kanzu.

Mzee alipoulizwa ujira wake, alitaja kiasi cha bei ya mbasa wawili wakubwa. Mama akashtuka. "Baba, yote hiyo kwa kusugua waya?"

Swali hilo si la uchoyo, nalo linastahili kufikiriwa kuliko kuchekwa. Kitu alichokiona kwa macho kilikuwa msasa na dakika tano. Kama angaliletewa pampu ndani ya boksi lake, angalilipa bei kubwa mara nyingi kuliko hiyo pasipo kunung'unika, kwa sababu pampu hushikika. Kusikiliza hakushikiki. Wala hapana gereji, ufukoni au milimani, iwezayo kuandika katika karatasi ya hesabu: mambo matatu yaliyothibitishwa kuwa hayana kosa, kiasi kadha. Ndiyo maana fundi kijana hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa amejifunza kazi katika soko linalolipa vipuri wala halilipi maswali, naye akawa mwanafunzi mwema wa soko hilo. Wanachuo wa lugha nao wanalijua jambo hili kwa njia yao, maana hakuna apewaye shahada kwa kanuni kumi alizozijaribu akaziacha.

Mzee hakujitetea. Alisema tu, "Mama, waya umesuguliwa bure. Unanilipa kwa kukuzuia usinunue." Mama alifikiri kitambo, akatoa fedha ya samaki mmoja, na samaki mwingine akamtoa kashani kwa mkono wake, mkubwa wa kutosha. Fundi kijana aliomba aishike ile balbu yenye nyaya mbili, akaigeuzageuza, akauliza ni ya taa ya gari gani.

Saa tatu kasorobo gari lilikuwa limeziacha nyumba za mwisho za mji, likipanda. Chini ya makasha dereva alikuwa ametandika turubai na kuzikunja kingo zake juu, ili maji ya barafu yasipate njia ya kwenda nyuma.