Mgeni Anayeketi Nyuma ya Darasa

Kila mwanachuo asomaye kurasa hizi, atakapokuwa ameanza kazi, haitapita miezi mingi kabla hajasikia shule nzima ikinong'ona kwamba kuna mgeni ofisini. Yanayofuata hapo tumeyaona mara nyingi mno. Madaftari ya maandalio ya masomo yanatafutwa, chati iliyokuwa imekunjwa juu ya kabati inabandikwa ukutani, na watoto wanaambiwa wakae sawasawa. Mwalimu anarudia somo la juzi ambalo darasa limekwisha kulijua, na maswali yote anawaelekezea watoto wanne au watano wa madawati ya mbele. Mgeni anaandika kwamba somo lilikuwa zuri, anaaga, anaondoka. Kesho yake chati inakunjwa tena.

Anayelipa gharama ya mchezo huu ni mtoto asiyejua kusoma, ambaye siku hiyo alifichwa kwa ustadi mkubwa. Twapenda kuzungumza na ndugu wanachuo juu ya mgeni huyo na jinsi ya kumpokea, kwa kuwa nasi tulikuwa wageni wa namna hiyo kwa miaka kadhaa katika shule za kata moja, na kabla ya hapo tulikuwa walimu wa darasa tuliotembelewa.

Wageni wafikao shuleni ni wa aina nyingi. Mthibiti ubora wa shule, ambaye zamani aliitwa mkaguzi, huja kuipima shule nzima na kuandika taarifa. Maafisa wa wilaya huja kwa mambo ya madawati, matundu ya vyoo na upungufu wa walimu. Hao wana kazi yao, nayo ni ya lazima. Tunayemkusudia hapa ni yule ambaye kazi yake ni kumsaidia mwalimu afundishe mwezi ujao vizuri kuliko mwezi huu. Lugha yetu haijampa jina moja lililokubalika na wote, nasi tutamwita mshauri wa ufundishaji. Katika Tanzania Bara sehemu kubwa ya kazi hiyo imemwangukia Afisa Elimu Kata, ambaye walimu wengi bado humwita kwa cheo chake cha zamani, Mratibu. Nchini Kenya inafanywa na maafisa wa kusaidia mtaala, ambao watangulizi wao waliketi katika vituo vya ushauri wa walimu.

Kazi yenyewe ina umri mkubwa. Mwaka 1907 bibi mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Mwaka uliofuata Virginia Randolph, mwalimu wa wilaya ya Henrico katika jimbo la Virginia, akawa msimamizi wa kwanza kulipwa na mfuko huo. Alizizungukia shule zaidi ya ishirini, akifanya kazi bega kwa bega na walimu wake. Habari za walimu wa Jeanes zilivuka bahari. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, Chuo cha Jeanes kilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1925, chini ya James Dougall. Walioingia humo walikuwa walimu waliokwisha kuwa kazini. Walikuja pamoja na wake zao, ambao nao walifundishwa, kisha wakarudi kuzisaidia shule za vijijini. Siasa ya elimu iliyokileta chuo hicho ilipingwa, na kwa haki, maana wako waliotaka Mwafrika afundishwe jembe na kazi za mikono ili asidai zaidi. Hata hivyo wazo la mwalimu mzoefu anayewatembelea wenzake darasani lilibaki. Kwetu lilirudi kwa sura nyingine baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, shule zilipofurika watoto na walimu vijana. Mpango wa MTUU, uliounganisha Tanzania, UNICEF na UNESCO kuanzia mwaka 1976, ulikuwa na wakufunzi waliosafiri kutoka shule hadi shule.

Mtu aweza kuuliza kwa nini semina isitoshe. Wamarekani wawili, Bruce Joyce na Beverly Showers, walilieleza jambo hili vyema mwanzoni mwa miaka ya 1980: maelezo, mfano na mazoezi ya semina humwezesha mwalimu kuijua mbinu mpya, lakini aghalabu mbinu hiyo haifiki darasani kwake mpaka apatikane mtu wa kumsaidia kuitumia mbele ya watoto wake mwenyewe. Sisi tuliokaa katika semina nyingi za siku tano hatukuhitaji kushawishiwa. Semina ina watu wazima thelathini wanaolijua jibu tayari. Darasa lina watoto themanini na zaidi, dawati lililovunjika, na kelele za darasa la jirani.

Tutoe mfano mmoja kwa kirefu. Mwalimu kijana, aliyekuwa katika mwaka wake wa pili kazini, alikuwa akifundisha darasa la pili kutoa kwa kuchukua. Ubaoni aliandika 42 − 17. Hatua zake zote zilikuwa sahihi, sauti yake ilisikika, na kila alipouliza kama wameelewa, darasa zima liliitikia kwa pamoja kwamba limeelewa. Mtu aliyesimama mlangoni angempa alama za juu. Sisi tulikuwa tumebanana na watoto katika dawati la nyuma, nasi tukayatazama madaftari kumi na mawili yaliyokuwa karibu. Saba kati yake yalikuwa na jibu 35.

Baada ya kipindi tulikaa naye chini ya mwembe. Alikuwa ameshika kalamu tayari.

"Mwalimu, naomba nieleze makosa yangu," alisema.

"Makosa tuyaache kwanza, mwalimu. Hebu tuyatazame madaftari haya pamoja."

Aliyatazama kwa kitambo. Mwanzoni alidhani watoto wamenakiliana. Halafu akaanza kuhesabu kwa kidole, akanyamaza, akasema, "Wametoa mbili kwenye saba." Ndivyo ilivyokuwa. Saba toa mbili, tano. Nne toa moja, tatu. Tukamwuliza wamejifunza wapi kufanya hivyo. Alifikiri, kisha akacheka kwa uchungu: darasa la kwanza watoto huambiwa kwamba kubwa haitolewi kwenye ndogo. "Kumbe wametii," akasema.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi ya mshauri. Kama tungalimwambia tangu mwanzo kwamba hakutumia zana, angaliandika katika daftari lake neno "zana", na juma lililofuata tungalikuta zana mezani na 35 katika madaftari. Alipoliona mwenyewe kosa la mtoto na asili yake, alijua zana zahitajika kwa kazi gani. Kesho yake tulifundisha sisi, naye akaketi nyuma. Watoto walifunga vijiti kumi kumi kwa kamba za migomba, kila kundi likawa na mafungu manne na vijiti viwili. Ili kutoa saba hapakuwa na njia ila kulifungua fungu moja, na vijiti viwili vikawa kumi na viwili. Vilibaki vijiti vitano na mafungu mawili, yaani 25. (Kundi moja lilikuwa na fungu lenye vijiti tisa, na mtoto aliyeligundua hilo alijifunza pengine kuliko wenzake wote.) Tuliporudi baada ya majuma mawili mwalimu alikuwa amewapa 61 − 28. Katika wale kumi na wawili, watatu bado walikuwa na 47. Lakini mwalimu aliwajua kwa majina kabla hatujafungua madaftari, na alikwisha kuwaweka pamoja karibu na meza yake.

Katika kusoma mambo ni hayo hayo, ila huko kuna kifuniko kikubwa zaidi, nacho ni sauti ya pamoja. Darasa likikariri ukurasa kwa pamoja, mtoto asiyesoma hujificha ndani ya sauti za wenzake. Twamshauri mwanachuo amwite mtoto mmoja mmoja, ampe sentensi ambayo haijapata kusomwa darasani, kisha ayatazame macho yake. Mtoto anayesoma kwa kukumbuka huangalia dari, au midomo ya mwenzake.

Sasa tuje kwenye jambo zito, ambalo vyuo vyetu havilizungumzi vya kutosha. Mwalimu atamwonyesha mshauri udhaifu wa darasa lake ikiwa tu ana hakika kwamba udhaifu huo hautageuzwa kuwa barua. Na mshauri wetu wa kata ni mtu yuleyule anayekusanya takwimu za mahudhurio, anayefuatilia utoro wa walimu, na ambaye maoni yake yaweza kufika wilayani. Katika shule moja alikuwapo mwalimu wa kike aliyefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulipoingia darasani kwake alitupokea kwa heshima, akatupa kiti, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo umekuja na kofia ipi? Kama ni ya ripoti, nitafundisha la jana. Kama ni ya kusaidia, kaa nikuonyeshe linalonishinda."

Tulilifunga daftari tukamkabidhi yeye alishike. Alipoona hivyo alituonyesha watoto kumi na watatu wa darasa la tatu wasiojua kusoma. Kwa mwaka mzima alikuwa hajamwambia mtu, kwa sababu idadi ya namna hiyo huandikwa chini ya jina la mwalimu, na yeye alikuwa akisubiri kupandishwa daraja. Tangu siku hiyo aliwafundisha nusu saa kila siku baada ya masomo, kwa kadi za silabi alizozikata kutoka maboksi ya karatasi, nasi tulikuja kila Alhamisi kuchukua nusu ya kundi. Muhula ulipokwisha, wanane walisoma sentensi fupi. Wawili walikuwa wamehama na wazazi wao. Watatu tuliwaacha wakihangaika bado na silabi.

Wako wanaosema kwamba kofia mbili zaweza kuvaliwa na mtu mmoja ikiwa ana busara. Hatukubaliani nao sana. Busara ya mtu haimlindi mwalimu siku mtu huyo anapohamishwa na jalada kubaki ofisini. Kungekuwa na uwezo, tungependa anayeshauri asiwe anayetathmini. Maadamu hakuna uwezo huo, angalau atamke mlangoni amekuja kwa lipi, na akisha kutamka asigeuke.

Serikali na wafadhili wamefanya mengi kumfikisha mshauri shuleni. Waratibu wa kata walipewa pikipiki katika mpango wa LANES, uliokusudia kuinua Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kenya, katika mpango wa Tusome ulioenea nchini tangu mwaka 2015, maafisa waliingia madarasani wakiwa na kompyuta za mkononi, wakatazama somo na kuwasikiliza watoto wachache wakisoma kabla ya kuzungumza na mwalimu. Utaratibu huo wa kumsikiliza mtoto twausifu. Jambo la kuangalia popote pale ni kwamba idadi ya ziara ni rahisi kuhesabika, na ziara ya dakika kumi na tano huhesabiwa sawa na ile ya asubuhi nzima. Kwa maoni yetu ziara yenye faida kubwa kuliko zote ni ya pili, ile ya kurudi, nayo ndiyo inayokufa kwanza mafuta yanapokwisha au mvua za masika zinapokata barabara.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, usingoje. Mshauri afikapo, mpe kiti kilicho kando ya watoto dhaifu, wala usimweke mbele karibu na ubao. Mwambie kabla ya kipindi jambo moja unalotaka alitazame, kwa mfano ni watoto wangapi hawakuulizwa swali hata moja. Mwombe akufundishie kipindi kimoja nawe ukae nyuma. Mshauri wa kweli hatakataa, na asiye wa kweli utamjua kwa udhuru wake. Kabla hajaondoka mwulize tarehe ya kurudi, uiandike mbele yake.

Na akikosekana mshauri, yupo mwalimu wa chumba cha pili. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, umewataka walimu wa shule moja wakutane kujifunza pamoja, na tumeona shule ambako mikutano hiyo imekuwa ya kusomeana vijarida tu. Ingefaa zaidi wakutane wakiwa na madaftari ya watoto mezani. Panga na jirani yako awape watoto wake zoezi la dakika ishirini ilhali mwalimu mkuu au mwenzenu asiye na kipindi anawaangalia, naye aje kwako. Mpe karatasi iliyopigwa mstari katikati: upande mmoja aandike ulichosema wewe, upande wa pili alichofanya mtoto mmoja uliyemchagua. Asiongeze maoni yoyote. Juma lijalo nenda kwake na karatasi kama hiyo.