Karani, Sista na Mhandisi

Baba yangu alikuwa Msamia na mama yangu Mtoro, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili. Mjini Kampala hilo lilitosha watu kukudhania mwanajeshi au mgeni, nasi hatukuwa wanajeshi. Baba alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kipolandi, muuguzi, huko Bugolobi, na tulilala kota za nyuma ya nyumba yake. Upepo ulipogeuka ulituletea harufu ya kiwanda cha kahawa, na siku nyingine ya mitambo ya majitaka kule bondeni. Mtaa mzima ulimwita yule mama Sista.

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na minne, majirani zetu walikuwa hivi. Kulia, mhandisi Mwisraeli. Kushoto, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, na mkewe na wazazi wake wazee. Nyuma ya Mhindi, kwenye chumba cha kupanga, aliishi karani mmoja wa kahawa, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Nimeulizwa mara nyingi habari za watu hawa, na kila anayeuliza huwa ameshaamua nani alikuwa mwema. Mimi nasimulia nilivyoona.

Wapolandi baba aliwajua tangu ujana wake. Mwaka 1942 Waingereza walianza kuwaleta Afrika Mashariki wakimbizi wa Kipolandi, karibu wote akina mama, watoto na wazee. Elfu tatu hivi waliwekwa Koja, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Mukono. Wengine zaidi Masindi, karibu na msitu wa Budongo, na kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama. Tengeru, huko Tanganyika, ilichukua wapatao elfu tano. Baba alipata kazi Koja ya kuchota maji na kuezeka nyasi. Alisema wakubwa wa Kiingereza waliona haya kwa ajili ya wazungu hao, kwani walikuja bila viatu, wakafua nguo zao wenyewe na kupiga deki mbele ya watu weusi. Hapo ndipo alipojifunza kupika supu ya bitiruti na vile vidude vya unga vyenye viazi ndani, alivyoviita sambusa za kuchemsha. Kipolandi nacho kilimwingia.

Sista alikuwa mmoja wa watoto wa Koja. Warusi walipoitwaa Poland ya mashariki, waliigonga milango ya kwao usiku mmoja wa Februari 1940, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo hadi kwenye misitu ya kaskazini kukata magogo. Alikuwa na miaka kumi. Baba yake alifia huko. Kambi za Uganda zilipofungwa wenzake wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Yeye alisomea uuguzi, akabaki.

Waisraeli walikuwa wengi Uganda siku zile. Walijenga majengo, walifundisha marubani na askari, na Rais Idi Amin mwenyewe alikuwa rafiki yao. Asubuhi moja gari la mhandisi lilikataa kuwaka, akalitukana kwa sauti. Sista alikuwa anamwagilia maua. Akasimama wima, akatazama juu ya ua, kwa sababu matusi yale yalikuwa ya Kipolandi safi.

Tangu siku hiyo mhandisi akawa anakuja chai ya jioni. Waligundua kwamba wote wawili walipitia bandari ya Pahlavi, kule Iran, mwaka 1942. Baada ya Hitler kuishambulia Urusi, Stalin alikubali kuwafungua Wapolandi, na Jenerali Anders akaunda jeshi miongoni mwao, kisha akalitoa Urusi pamoja na maelfu ya raia. Mhandisi, mtoto wa Kiyahudi, aliachwa na mama yake kwenye kituo cha Kipolandi cha yatima ili apate kutoka. Alikuwa mmoja wa watoto zaidi ya mia saba waliofika Palestina kutoka Tehran Februari 1943. Mama yake hakumwona tena.

Kwa wiki kadhaa walikuwa kama ndugu. Halafu jioni moja, nikiwa nimeshika sinia, nikasikia sauti zinapanda. Baba akanivuta jikoni, akanitafsiria yale aliyoyakamata.

"Wenzako walitufuta kwenye orodha," mhandisi alisema.

"Warusi ndio waliokataza," Sista akajibu.

"Warusi walikataza, na wenzako wakafurahi."

Baadaye sana nilisoma, nikakuta kila mmoja alikuwa na ukweli mkononi. Wayahudi walikuwa wengi miongoni mwa wale waliopelekwa Urusi. Msafara wa Juni 1940 ulijaa Wayahudi waliokuwa wamewakimbia Wajerumani. Walikata magogo yaleyale na kufa kwa njaa ileile. Lakini Desemba 1941 Moscow ilitangaza kwamba Wayahudi wa Poland ya mashariki si Wapolandi tena bali ni raia wa Urusi, na meli zilipojazwa walipata nafasi chache. Na ni kweli pia kwamba maofisa wengi wa Kipolandi waliowaandikisha watu hawakuwataka. Chuki hiyo haikuletwa na Stalin. Waliondoka nayo nyumbani. Mhandisi alisema kwenye kituo cha yatima watoto wenzake walimpiga kwa Uyahudi wake, na mtawa wa Kipolandi aliyeiandika orodha ndiye aliyempa jina la Kikatoliki ili avuke. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, na hakutoa hukumu.

Machi 1972 Amin, aliyenyimwa ndege za kivita na Israeli na kupata rafiki mpya huko Libya, aliwafukuza Waisraeli wote. Mhandisi alipewa siku chache. Sista alitoka hadi barabarani kumuaga, wakapeana mikono kama watu waliokutana benki. Nyumba ikachukuliwa na ofisa wa jeshi.

Agosti ikaja zamu ya Wahindi: siku tisini. Katikati ya siku hizo, Septemba, Amin alimpelekea telegramu Kurt Waldheim wa Umoja wa Mataifa kumsifu Hitler kwa kuwachoma Wayahudi milioni sita katika ardhi ya Ujerumani. Sista alipopata habari alikaa na baba jikoni, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Mzee, hata uongo wake una makosa," alisema kwa Kiswahili chake cha Koja. "Wajerumani walifanya, lakini si kwao. Walikuja kufanyia kwetu." Na ni kweli: Auschwitz, Treblinka, Sobibor na Belzec zote zilikuwa katika Poland iliyokaliwa na Wajerumani. Huko Mbale, jamii ya Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, ilipigwa marufuku kusali, na wengi wao wakaiacha dini kwa hofu.

Mhindi wetu aliondoka Oktoba. Nilisaidia kubeba masanduku. Kabla gari halijafika Barabara ya Port Bell, Karani alikuwa ndani ya nyumba yake na kufuli mpya. Kufikia mwaka mpya alikuwa amegawiwa na duka. Watu kama yeye tuliwaita mafuta mingi. Shati jeupe likapotea, ikaja suti, ikaja Peugeot, wakaja wanajeshi kunywa bia uani kwake hadi usiku. Mke wa Mhindi alikuwa ameziacha picha za harusi ukutani. Nilimwona Karani akizitoa nje na kuzichoma pamoja na takataka. Hili nimeliona kwa macho yangu.

Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa ikitoka Athens, ikatua Entebbe. BBC ya Kiswahili ikatueleza kwamba watekaji, wawili kati yao Wajerumani, waliwatenga Waisraeli chumba cha peke yao kwa kusoma majina, kisha wakawaachia wengine. Sista alizima redio. Usiku ule alitusimulia habari ambayo mhandisi hakuipata.

Katika kambi ya magogo waliishi chumba kimoja na mama wa Kiyahudi na binti yake, wa umri wa Sista. Mama yule alimshonea Sista viatu vya matambara, vikamwokoa miguu. Walisafiri pamoja kusini hadi Uzbekistan. Siku ya kuandikishwa, karani wa Kipolandi alisoma jina la mama yule, akaangalia sura yake, akasema hakuna nafasi. Mama wa Sista alijua kwamba neno moja kutoka kwake, kwamba hawa ni ndugu zangu, huenda lingetosha. Alimfinya Sista mkono anyamaze. Wakapanda. "Mama yangu hakuwa mtu mbaya," alisema Sista. "Alikuwa na watoto watatu na aliogopa. Lakini pia, watu wa kijijini kwetu walikuwa wamezoea. Ingekuwa Mkatoliki yule, mama angefungua mdomo."

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walitua Entebbe, wakawaokoa mateka zaidi ya mia moja. Dora Bloch, bibi mateka aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, akabaki, na watu wa Amin wakamtoa kitandani wakamuua. Ndege za Israeli zilikuwa zimepitia Nairobi, hivyo hasira ya Amin ikawageukia Wakenya walioishi Uganda. Mamia waliuawa. Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka. Baba alikuwa na tiketi yake ya kodi ya Uganda, lakini kwenye kizuizi cha Nakawa hakuna aliyesoma tiketi. Walisikiliza jina na lafudhi. Na mtu wa mtaani kwetu alikuwa ameshasema kwamba kwa Sista kuna Mkenya. Gari lenye namba za UVS, namba za wapelelezi wa Amin, lilipita mara mbili polepole.

Kwa Sista hakukufichika. Wazungu walikuwa wanapekuliwa. Alikuwa tayari kumficha baba, lakini hakuwa na njia. Ilipoingia giza, Karani aligonga mlango wa kota. Hakusalimia. "Mzee Mpishi, chukua blanketi," alisema. "Wewe kijana, mama yako aseme baba yuko Mbale."

Baba alikaa siku kadhaa ndani ya stoo ya Karani, nyuma ya magunia ya sukari ya magendo. Mara moja wanajeshi walikuja wakanywa uani, hatua chache kutoka kwake. Hawakufungua stoo, kwa sababu sukari ile ilikuwa na fungu lao. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote. Karani aliweza kumficha baba kwa nguvu ileile aliyoipata kwa kunyang'anya. Mtu safi asingekuwa na stoo ya kumfichia. Na hakudai senti. Baba alipomshukuru, alijibu tu, "Supu yako nilikuwa naisikia harufu tangu zamani."

Sista aliondoka mwaka uliofuata. Mimi nikawa mwalimu wa historia, na nikasoma ya kwao kama nilivyofundisha ya kwetu. Nilikuta kwamba mwaka 1941, katika mji wa Jedwabne, Wapolandi, Wajerumani wakiwachochea, waliwachoma majirani zao Wayahudi ghalani, mamia. Nilikuta kwamba tarehe 4 Julai 1946, vita imeshaisha, umati huko Kielce uliwaua Wayahudi zaidi ya arobaini waliokuwa wameponea Maangamizi. Nilikuta pia kwamba kumficha Myahudi huko adhabu yake ilikuwa kifo, na bado Wapolandi zaidi ya elfu saba wametambuliwa na Israeli kwa kuwaokoa, idadi kubwa kuliko ya taifa lolote. Huko Markowa, Machi 1944, Wajerumani waliwaua Józef na Wiktoria Ulma, watoto wao, na Wayahudi wanane waliokuwa wakiwaficha.

Aliyenisimamisha zaidi ni Zofia Kossak-Szczucka, mwandishi Mkatoliki. Mwaka 1942 aliandika karatasi ya siri akiwaita Wayahudi maadui wa Poland, na katika karatasi hiyohiyo akasema anayenyamaza wakiuawa anashiriki mauaji. Kisha akasaidia kuanzisha kamati iliyozaa Żegota, shirika la siri la kuwaokoa. Wapolandi wa leo hugombana juu yake. Mimi sikumshangaa, nilikwishaishi naye ua kwa ua, akiwa amevaa suti na kuendesha Peugeot. Watu hupenda kuwahesabu waliookoa wa kwao na walioua wa wenzao. Hesabu hiyo haitimii, maana mara nyingine ni mtu mmoja anayesimama katika safu zote mbili.

Miaka ya tisini, serikali ilipowarudishia Wahindi mali zao, warithi wa jirani yetu walikuja kudai nyumba. Karani alikuwa ameshafariki. Wakili wao aliniomba barua ya ushahidi. Wiki hiyohiyo binti wa Karani akaja na ombi lake: niandike kwamba baba yake alikuwa mlinzi wa watu. Niliandika barua moja. Aya ya kwanza ilieleza kufuli, duka na picha za harusi. Ya pili ilieleza stoo. Wakili alitaka niondoe ya pili, binti akataka niondoe ya kwanza. Sikuondoa. Nilipiga chapa nakala mbili zinazofanana, nikatia sahihi zote, na nyumba ikarudi kwa wenyewe. Binti yule hakunisalimu kwa muda mrefu. Halafu siku moja akaja na mwanawe, akaomba nakala nyingine, kwa sababu ile ya mwanzo alikuwa ameichana.