Ugonjwa tunaoukalia

Kiswahili kina matusi mengi, na bahati mbaya mojawapo ni jina la kiungo ambacho kila binadamu anacho. Ndiyo maana mtu mzima na digrii yake akiumwa huko anakosa neno la kumwambia daktari. Atasema "nyuma kunasumbua". Wengine hawasemi kabisa.

Nina rafiki, mwandishi mwenzangu, aliyekalia upande mmoja wa kiti kwa karibu wiki tatu. Alinunua dawa ya bawasiri duka la dawa, kisha chupa ya mizizi kwa bwana mmoja ambaye tangazo lake limepigiliwa kwenye nguzo ya umeme. Homa ilipopanda ndipo akaenda hospitali. Haikuwa bawasiri. Lilikuwa jipu, likapasuliwa usiku uleule.

Hapo ndipo penye tatizo, jamani. Mitaani kila maumivu ya huko yanaitwa bawasiri. Tuyatenganishe.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Ya ndani mara nyingi hutoa damu nyekundu bila kuuma. Ya nje ndiyo huuma, hasa damu ikiganda ndani yake: kinatokea ghafla kivimbe kigumu, chenye rangi ya zambarau. Ukiwahi ndani ya siku tatu za mwanzo, daktari anaweza kukitoa kwa sindano ya ganzi. Ukichelewa, kwa kawaida maumivu hupungua yenyewe taratibu.

Wa pili ni mchaniko wa ngozi. Ukienda chooni unahisi umekatwa na wembe, na maumivu yanaweza kuendelea kwa saa kadhaa. Chanzo kikubwa ni choo kigumu. Mtu akishaumia anaogopa kwenda, anajizuia, choo kinazidi kuwa kigumu, kidonda kinachanika tena. Maji ya kutosha, mboga, matunda, maharage, dona badala ya sembe, na kukalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15: michaniko mingi hupona hivyo ndani ya wiki chache. Usipopona, zipo dawa za kupaka za kulegeza msuli, na zikishindikana kuna upasuaji mdogo.

Wa tatu ni jipu. Hili haliumi chooni tu, linapwita usiku na mchana, na homa inaweza kufuata. Vidonge vya antibiotiki peke yake havitoshi; usaha lazima utolewe. Baadhi ya majipu huacha fistula, kijitundu kinachovuja na kugoma kufunga. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alikuwa nayo, akapasuliwa tarehe 18 Novemba 1686, enzi ambazo hakukuwa na ganzi. Sisi tunayo ganzi, lakini bado tunaogopa kuliko yeye.

Usisubiri ukiwa na uvimbe unaoongezeka, homa, mkojo kugoma kutoka, au damu nyingi. Hizo ni za kwenda leo. Damu inayorudiarudia, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, au mabadiliko ya choo yanayodumu wiki kadhaa, nazo zinahitaji vipimo hata kama huna maumivu. Usijipe moyo kwamba bado kijana. Mwigizaji Chadwick Boseman aligundulika na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, akafariki 2020 akiwa na miaka 43.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Daktari ameshaona wengi kabla yako, na mara nyingi atauliza maswali, ataangalia, na ikibidi atapima kwa kidole chenye glovu. Ni dakika chache tu. Kama neno ndilo linalokukwamisha, chukua hili la heshima, sema bila kupepesa macho: "Daktari, naumwa sehemu ya haja kubwa." Kazi inayobaki ni yake.