Kipupwe katika Milima ya New Zealand

New Zealand ni nchi ya visiwa iliyo mbali sana kusini mwa dunia, katika bahari ya Pasifiki. Kisiwa chake cha Kusini kina safu ya milima iitwayo Southern Alps, yenye urefu wa kilometa 500 hivi. Kipupwe cha huko ni kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, na ndipo theluji hufunika vilele, mabonde, na mara nyingine barabara zenyewe. Hata hivyo, wako watu wanaochagua majira hayo hayo kusafiri, wakilala katika magari yao.

Marafiki wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, walifanya safari ya namna hiyo mwezi wa Julai, toka mji wa Christchurch hadi Queenstown. Walikodi gari kubwa ambalo ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, tangi la maji safi na jingine la maji machafu. Kabla ya kuondoka waligawana kazi. Mwanamke aliyewazidi wote kwa umri alishika usukani; wa pili alikabidhiwa chakula; wa tatu maji na gesi; na kijana wao wa mwisho alipewa kazi ya kufuatilia habari za hali ya hewa na barabara. Nyumba ndogo kama ile haikaliki bila utaratibu: kiatu kimoja kikiachwa mlangoni, wote hujikwaa.

Adui wa kwanza alikuwa baridi ya usiku. Maji huganda katika mabomba, na hata dizeli ya kawaida huweza kuwa nzito isipite, ndiyo maana vituo vya mafuta vya milimani huuza dizeli ya namna ya pekee wakati wa kipupwe. Usiku wa kwanza kijana yule alitaka jiko la gesi liachwe likiwaka hadi asubuhi ili wapate joto. Mwenye dhamana ya gesi alikataa katakata. Moto uwakao katika chumba kilichofungwa huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huwaua watu wakiwa usingizini. Hatari hiyo ndiyo ile ile ya jiko la makaa linaloingizwa katika chumba cha kulala. Basi jiko likazimwa, kila mtu akavaa soksi jozi mbili na kujifunika mablanketi.

Siku ya pili waliingia katika uwanda wa Mackenzie. Jina hilo ni la mchungaji James Mackenzie, aliyekamatwa mwaka 1855 akiwa na kondoo wa wizi wapatao 1,000, huku msaidizi wake mkuu akiwa mbwa wake aitwaye Friday. Alifungwa, akasamehewa mwaka 1856, na habari zake husimuliwa huko hadi leo.

Katika uwanda huo yamo maziwa mawili mashuhuri, Tekapo na Pukaki. Maji yake ni ya buluu iliyochanganyika na weupe, hata mgeni hudhani yametiwa rangi. Rangi hiyo hutokana na barafu. Zamani za kale mito mikubwa ya barafu ilishuka polepole toka milimani, ikachimba mabonde ambayo baadaye yalijaa maji. Hata sasa barafu iliyobaki juu husaga mawe yawe unga laini sana. Unga huo hubebwa na mito, huelea ziwani, na mwanga wa jua ukiupiga, ndipo rangi ile huonekana. Hivyo uzuri wote ule ni kazi ya maelfu ya miaka, iliyofanywa bila haraka.

Kutoka Pukaki waliuona mlima Aoraki, uitwao pia Mount Cook, wenye kimo cha meta 3,724. Wenyeji wa asili, Ngāi Tahu, husimulia kwamba Aoraki alikuwa mwana wa Mbingu. Mtumbwi wake ulikwama, naye pamoja na ndugu zake wakageuka mawe. Tangu mwaka 1998 majina yote mawili yanatumika kisheria. Katika milima hiyo ndimo alimopata mazoezi Edmund Hillary, ambaye mwaka 1953 alifika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay.

Chini ya Aoraki upo mto wa barafu wa Tasman, mrefu kuliko yote nchini humo. Mbele yake leo kuna ziwa la kilometa kadhaa, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1970 halikuwapo. Barafu imerudi nyuma, maji yakachukua nafasi yake. Ndivyo ilivyo pia katika Ruwenzori, Mlima Kenya na Kilimanjaro, ambako barafu imekuwa ikipungua kwa zaidi ya miaka 100.

Siku ya nne walifika kijiji cha Omarama, wakikusudia kuvuka kipito cha Lindis, chenye kimo cha meta 971. Kijana yule alikuwa na haraka kuliko wenzake. Ndege yake ya kwenda Auckland ilikuwa iondoke Queenstown saa kumi alasiri, na kesho yake asubuhi dada yake alikuwa anaolewa. Lakini theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na barabara imefungwa. Ilifunguliwa saa saba mchana, kwa magari yenye minyororo ya magurudumu.

Kijana akahesabu saa, akasema, "Tukikaza mwendo tutawahi." Dereva alifunga minyororo, akaikagua mara mbili, akaondoka kwa mwendo wa pole. Katika makona yasiyofikiwa na jua hutanda barafu nyembamba ambayo huonekana kama lami iliyolowa tu. Gari dogo liliwapita kwa kasi, na kijana akalitazama kwa wivu hadi likapotea.

Walilikuta tena mteremkoni, limepinduka mtaroni. Abiria wake wawili walikuwa wameketi kando, wamefunikwa blanketi, wanatetemeka lakini wazima, na polisi alikuwa akiweka alama za tahadhari. Marafiki walisimama, wakawasha jiko lao, wakawapa chai ya moto. Kijana ndiye aliyeibeba vikombe. Tangu hapo hakutaja ndege tena.

Walifika Queenstown usiku; ndege ilikuwa imekwisha kuondoka. Kijana alipata nyingine kesho yake, akafika arusini watu wamekwisha kula. Dada yake, aliyekwisha kupata habari ya safari ile, hakumwuliza sababu ya kuchelewa. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku, akitazama kama ina jeraha.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Aliyewahi kungoja mtu wake arudi kutoka safarini anajua thamani ya maneno hayo.